Gazi: Mila ni Nani Apate Nini

Ukitaka kujua watu wa kijiji cha Gazi wana maana gani wanaposema mila, usianze na ngoma wala mavazi. Uliza mnazi ule ni wa nani.

Huku Kwale, pwani ya Kenya, ardhi yaweza kuwa ya mtu mmoja, na minazi iliyosimama juu yake ikawa ya mwingine. Mzee wa Kidigo wa zamani alijua kwamba akifa, mali ya ukoo itamwendea mpwa wake, mtoto wa dada, maana Wadigo walihesabu ukoo kwa mama. Kisha Uislamu ukaenea kati yao, hasa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, ukaja na hesabu nyingine: urithi ni wa watoto wa marehemu, wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Baba asiyetaka wanawe wagombane na binamu zao aligawa mapema. Aliwapa minazi akiwa hai, mbele ya mashahidi, wapwa wakiwapo. Mtu huyo ni Mdigo kamili na Mwislamu kamili. Anayesema lazima mila moja ife ili nyingine ikae hajawaona wazee hawa wakigawa mashamba.

Wamazrui, ukoo wa Kiarabu uliotawala Mombasa, wao huhesabu kwa baba. Walipong'olewa huko na Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, mwaka 1837, tawi moja lilihamia Gazi, na ni kutoka hapo Mbaruk bin Rashid alipinga Waingereza mwaka 1895, hadi akavukia upande wa Wajerumani mwaka uliofuata. Kwa ukoo kama huu, utamaduni ni nasaba: nani alimzaa nani. Naiheshimu hesabu hiyo, lakini haiwatoshi wote. Mashamba ya wakubwa wa pwani yalilimwa na watumwa, na mtumwa hakuachiwa shajara ya nasaba ya kuwasomea wajukuu.

Serikali nayo ikashika orodha ya makabila. Wamakonde waliotoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na ya miwa ya Ramisi walikaa miongo mingi bila kitambulisho, mpaka Oktoba 2016 walipofunga safari kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki yao. Wakawa kabila la 43 la Kenya. Wapemba, wenye asili ya kisiwa cha Pemba, walingoja hadi 2023. Hawa ni wavuvi wanaosema Kiswahili na kuswali safu moja na jirani zao, lakini bila kitambulisho mtu hapati leseni ya kuvua. Inaniuma kwamba jirani alimtambua mtu vizazi viwili kabla ya ofisi.

Kuhusu mila ni nini, wanawake wa Gazi wana jibu lao. Miaka ya 1970 mikoko ya hapa ilikatwa sana kuwa kuni za viwanda. Leo maji yakipwa wanaingia topeni, wanachomeka mche mmoja mmoja kwa mkono. Tangu 2006 wana njia yao ya mbao inayopita katikati ya mikoko, ambako wageni hutembezwa na kuandaliwa samaki na wali wa nazi. Mwaka 2013 Gazi na jirani zao wa Makongeni walianza Mikoko Pamoja, mradi wa kuuza hewa ya kaboni kutokana na hekta 117 za msitu, na fedha zake zimeingia kwenye maji na shule. Bombani hakuna anayeulizwa ukoo.

Baharini bado kuna ugomvi. Wenye malema na mishipi wanalalamika kwamba nyavu kubwa za wavuvi wa kuhamahama, wengi wao kutoka Pemba, zinakomba hata samaki wachanga. Zamani jibu lilikuwa rahisi: mgeni arudi kwao. Kwa Mpemba mwenye kitambulisho cha Kenya jibu hilo limekwisha. Sasa hoja itabidi iwe juu ya macho ya wavu, na mimi naona huo ni ugomvi ulio bora kuliko ule wa kwanza.