Gari "jipya" linalotetemeka ni mtaji unaovuja

JAMBIANI: Mwenye mtaji mdogo anayenunua gari la kukodisha watalii kabla ya msimu wa Juni huangalia rangi, matairi na kilomita. Hasara kubwa mara nyingi hujificha kwingine: injini inayotetemeka gari likiwa limesimama, na kutaka kuzima kila dereva anapoondoa mguu kwenye mafuta.

Kwa Unguja, gari "jipya" kwa kawaida ni mtumba wa Japani ambao ni mpya kwa mnunuzi tu. Japani huendesha upande wa kushoto kama Tanzania, hivyo usukani uko mahali pake na soko la magari hayo ni kubwa. Hata hivyo, gari hilo limekaa bandarini, melini na yadi kwa wiki nyingi, likiwashwa dakika chache na kuzimwa. Betri huisha au hufunguliwa, plagi hushika masizi, na petroli ya tangi huchakaa.

Hasara yake huhesabika. Kwa mfano, gari linalokodishwa kwa dola 35 kwa siku likilala gereji siku 10 za msimu, dola 350 zimepotea kabla ya kununua spea hata moja. Aidha, barabara ya kutoka Jambiani kwenda mjini kupitia Paje, Kitogani na Jozani ina sehemu nyingi za kupunguza mwendo. Hapo ndipo injini dhaifu huzima. Ikizima, usukani huweza kuwa mzito, na breki hupoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache. Mtalii aliyepatwa na hayo hudai fedha zake, na wenzake hoteli nzima husikia.

Chanzo ni nini?

Mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, ambao mafundi huuita "sailensa", hutegemea hewa, petroli na cheche kwa vipimo vidogo sana. Mwendoni kasoro ndogo haionekani. Gari likisimama, kasoro hiyo hiyo hutosha kuiyumbisha injini.

Mtuhumiwa wa kwanza ni throto, yaani mlango wa kuingizia hewa, ukiwa umejaa masizi. Kompyuta ya gari hujizoeza taratibu kuyafidia masizi hayo. Betri ikifunguliwa, mazoea hayo huweza kufutika, na gari lililokuwa likitulia Japani huanza kuzima Unguja. Wa pili ni mpira wa hewa uliopasuka, unaoingiza hewa ambayo kompyuta haikuipima. Kisha huja plagi, koili, filta na pampu ya mafuta, pamoja na petroli chafu, hasa ile inayouzwa kwa chupa vijijini. Kwa magari yanayolala karibu na ufukwe, chumvi nayo hula viungio vya nyaya.

Ziko injini zinazohitaji tahadhari zaidi. Mojawapo ni ya Toyota ya lita 2.0 aina ya 1AZ-FSE, yenye alama ya D-4, iliyofungwa kwenye Noah na Voxy za kuanzia 2001. Injini hiyo hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Petroli haipiti kwenye vali za kuingizia hewa ili kuzisafisha, hivyo masizi hujikusanya hapo. Bei yake yadi inaweza kuvutia, lakini gharama ya kuisafisha ihesabiwe ndani ya bei ya kununulia.

Kabla ya kulipa

Muuzaji aombwe asiipashe injini moto mapema. Iwashwe ikiwa baridi mbele ya mnunuzi, kisha iachwe dakika 15 bila kukanyagwa mafuta. Ikishapata moto, injini nyingi ndogo za petroli hutulia kati ya mizunguko 600 na 800 kwa dakika. Kiyoyozi na taa ziwashwe, na gia ya otomatiki iwekwe D huku breki imekanyagwa. Mshale ukishuka kidogo na kurudi, hakuna neno. Ukicheza juu na chini, hewa, petroli au cheche ina kasoro. Mshale ukitulia lakini bodi ikitikisika, raba zinazoshikilia injini ndizo za kuangaliwa kwanza.

Taa ya injini kwenye dashibodi nayo ina siri. Ufunguo ukifunguliwa kabla ya kuwasha injini, taa hiyo lazima iwake, kisha izime injini ikishanguruma. Isipowaka kabisa, huenda imeondolewa ili kuficha ugonjwa.

Aliyekwisha nunua

Kosa linalokula fedha nyingi ni kubadilisha spea kwa kubahatisha: leo koili, kesho pampu, keshokutwa kompyuta. Njia ya nafuu ni kulipia kwanza kipimo cha mashine, kisha kuanza na kazi rahisi: betri na viungio vyake, plagi, filta ya hewa, kusafisha throto na kukagua mipira ya hewa. Throto ikisafishwa, baadhi ya magari huhitaji kompyuta ifundishwe upya mzunguko wake. Fundi asiyefanya hivyo huweza kurudisha gari likiwa baya kuliko alivyolipokea. Pampu na nozeli zifuate pale tu vipimo vitakapozielekea.

Kwa mnunuzi aliye bado yadi, mtetemo huo ni hoja ya bei. Ukigunduliwa kabla ya kulipa, gharama ya matengenezo hukatwa kwa muuzaji. Ukigunduliwa baada ya kufika Jambiani, hulipwa na mapato ya msimu.