Mapiko: Ngoma Imfundishayo Mtoto Kuushinda Woga

Miongoni mwa Wamakonde wa kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia nyanda za juu za Mueda hadi miji ya pwani ya Mocímboa da Praia na Palma, lipo swali ambalo mtoto hajibiwi kwa maneno. Mtu akifa huenda wapi, na je, aweza kurudi? Jibu lake huchezwa uwanjani, katika ngoma iitwayo mapiko.

Mapiko si kazi ya fundi mmoja. Mchongaji hutengeneza kichwa kizima kwa mti mwepesi, akakibandika nywele za binadamu na kukitia chale za nta. Mchezaji hukivaa kama kofia, naye huona njia kwa kupitia kinywa cha kinyago. Mwili wake hufunikwa nguo na njuga hulia kiunoni. Wapiga ngoma hufuatana na hatua zake, na waimbaji huitikia. Uchongaji, muziki na maigizo huwa jambo moja.

Kwa desturi ya kale, wanawake na watoto waliambiwa kuwa lipiko, yaani huyo aliyevaa kinyago, ni mfu aliyerudi. Alipowakimbiza, watoto walitimua mbio. Lakini mvulana aingiapo jandoni hukabiliana naye, na kinyago kivuliwapo humwona mtu wa kijijini mwake. Hapo hufunzwa mambo mawili: kwamba kitishacho huenda kikawa na sura ya binadamu, na kwamba wafu hawatembei ila kwa miguu ya walio hai. Kisha huagizwa kuitunza siri hiyo.

Mchezo huu haukuishia kwa wafu. Zamani za ukoloni wachongaji waliwafanyia mzaha Wareno kwa vinyago. Vita vya ukombozi vilipoanza tarehe 25 Septemba 1964, mapiko iliendelea kuchezwa katika maeneo yaliyokombolewa, pamoja na nyimbo mpya. Baada ya uhuru wa 1975, viongozi walizitilia shaka desturi za jando, lakini ngoma yenyewe haikufa.

Mtihani wa sasa ni mzito zaidi. Tangu mashambulio ya Oktoba 2017 huko Mocímboa da Praia, na yale ya Palma ya Machi 2021, mamia ya maelfu ya watu wameyakimbia makazi yao. Kinyago kilichoungua chaweza kuchongwa kingine. Jando, hata hivyo, lahitaji kijiji kitulivu, wazee wa kufundisha na wavulana wa kufundishwa.

Kwa hiyo askari alindaye kijiji halindi nyumba na mashamba tu. Hulinda pia uwanja ambao mtoto huogopa kwa mchezo, akacheka, na hatimaye akajua ni nani aliye nyuma ya kinyago. Mtoto aliyezoea kutishwa kwa bunduki hana nafasi ya kujifunza somo hilo.