Je, Wajua? Neno «maji» mjini Songea

Maji hayana umoja. Hakuna «ji» moja, lakini sarufi huyachukulia kama vitu vingi: maji yamemwagika, maji haya, maji mengi. Ndugu zake ni maziwa, mafuta na mate.

Ukilirudia neno hilo, kazi inabadilika: udongo majimaji, uji majimaji, viatu majimaji. Hapo linaeleza sifa, wala halivai kiambishi chochote cha ngeli. Na «maji ya kunde» hayanyweki hata kidogo. Ni rangi ya ngozi ya mtu.

Songea ndipo neno hili lilipobeba uzito mkubwa kuliko yote. Mwaka 1905, kutoka Umatumbi, mganga Kinjikitile Ngwale alieneza habari za maji ya dawa ambayo yangezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Dawa ilifika hadi kwa Wangoni wa Songea, nao wakaingia katika Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani. Jemadari wao, Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Makumbusho ya Taifa ya Maji Maji yapo hapa mjini, mtaa wa Mahenge, na kila Februari 27 mashujaa wa vita hivyo hukumbukwa.

Kisha sikiliza mpira. Timu ya Songea inaitwa Majimaji, lakini mtangazaji hasemi «Majimaji yamefunga». Husema «Majimaji imefunga», kwa sababu kitenzi kinafuata neno «timu» hata lisipotajwa. Jina limehama ngeli, na kila shabiki hulitumia bila kufundishwa.