Vinywaji Vimo

Nikiwafundisha vijana wa mapokezi hapa Karatu, au nikiketi na watu wanaopanga kuwapeleka wazazi wao Ngorongoro, swali la kwanza huwa si la faru wala la simba. Ni la bia. "Tuchukue ile yenye vinywaji ndani, au tujilipie wenyewe?" Kabla sijafungua mdomo, mmoja ameshamjibu mwenzake: "Chukua ya ndani, unywe mpaka hoteli ijute." Sura hii nimeiandika kwa ajili ya huyo aliyejibu.

Hoteli haijuti. Aliyepanga bei ya vinywaji vyote hakuipanga kwa kulifikiria koo lako. Alipiga wastani wa vyumba vyote vya msimu mzima: bibi harusi aliyelala saa mbili usiku, Mwislamu asiyegusa pombe, Mlokole asiyetaka hata kuketi karibu na kaunta, mzungu mwenye tumbo lililochafuka tangu Mto wa Mbu. Hao wote wamelipa. Mnywaji mkubwa hanywi mali ya hoteli, anakunywa fedha za majirani zake wa vyumba vya pembeni. Akitokea mmoja kama yeye kila wiki, hesabu ya hoteli haitikisiki. Wakizidi kuwa wengi, bei ya msimu ujao inapanda.

Kwenye vocha jambo hili huandikwa kwa herufi mbili tu. FB maana yake kitanda na milo mitatu, vinywaji juu yako. AI maana yake vinywaji vimo. Kati ya herufi hizo kuna tofauti ya bei, na kazi yetu ni kuipima hiyo tofauti peke yake. Usipime bei nzima ya chumba, maana kitanda na supu utavipata kote kuwili. Meli kubwa za watalii zinazotia nanga Zanzibar huuza mpango uleule kwa siku, na nyingi zina sharti kwamba mtu mzima mmoja wa chumba akiununua, na mwenzake aununue. Sharti hilo halikuwekwa kwa wivu. Liliwekwa ili mume asinunue mpango mmoja halafu wakanywa wawili.

Nilipanga sura iwe na hesabu tatu: ya saa, ya glasi na ya watu mnaolala chumba kimoja. Tuone kama nitafika.

Hesabu ya saa ndiyo watu wanayoisahau kuliko zote. Melini, siku ya bahari tupu, baa iko hatua ishirini kutoka kitandani tangu asubuhi. Ngorongoro siyo bahari. Mgeni wa kushuka kreta anaamshwa saa kumi na moja alfajiri. Geti linafunguliwa saa 12 asubuhi, na mwenye akili anataka awe ameteremka kwa njia ya Seneto kabla jua halijawatuliza simba. Chini kule hakuna hoteli wala baa. Kuna mita 600 za ukuta juu yako na kilometa za mraba kama 260 za nyasi, magadi na nyati. Chakula cha mchana ni boksi. Magari yote lazima yawe yametoka chini kabla ya saa 12 jioni, na wengi hupanda kwa njia ya Lerai mapema zaidi, wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Unafika hotelini saa kumi na moja, unaoga, unakula saa moja na nusu, na saa tatu umelala kwa sababu kesho ni Serengeti. Muda wako wa kunywa ni saa nne, na ndani yake kuna chakula.

Sasa tuweke namba. Ni za mfano, weka zako. Tuseme tofauti ya FB na AI ni shilingi 100,000 kwa mtu kwa usiku mmoja, bia hotelini ni 10,000, soda na maji 5,000, glasi ya mvinyo 20,000. Ili urudishe fedha yako kwa bia, unahitaji 10. Saa nne ni dakika 240, kwa hiyo bia moja kila dakika 24, ukiwa unatafuna kuku. Wapo wanaoweza. Nimewaona. Asubuhi yake hawakuuona hata mkia wa faru.

Ukingoni mwa kreta kwenyewe, mita kama 2,300 juu ya usawa wa bahari, kuna jambo jingine: baridi. Mwezi wa Julai ukungu unaingia mpaka barazani, moto unawashwa ukumbini, na wahudumu wanapita jioni wakitia chupa za mpira za maji ya moto chini ya mablanketi. Mtu wa Dar aliyeota bia baridi akitazama kreta anajikuta ameshika kikombe kwa mikono miwili. Chai na kahawa ya baada ya chakula kwa kawaida vimo kwenye FB. Umelipia laki ya friji, unakunywa birika.

Hapohapo ndipo utaambiwa kwamba juu kule bia moja ni sawa na mbili kwa sababu hewa ni nyepesi, hivyo unaokoa. Upuuzi. Pombe iliyo kwenye damu inatokana na ulichokunywa, uzito wako na ulichokula. Urefu wa mlima hauongezi hata tone kwenye glasi. Kinachokuangusha ni kuamka alfajiri, kutikiswa barabarani siku nzima na kunywa bia ya kwanza badala ya maji.

Twende kwenye hesabu ya glasi, ambayo ndiyo kazi yangu ya miaka mingi, kwa hiyo mnivumilie. Chupa ya mililita 750 ya Konyagi, ukiipima kwa toti ya mililita 30, inatoa toti 25 kamili. Kamili kwenye karatasi, maana mkono wa baamedi una roho yake. Mgeni anapolipa glasi kwa glasi, kila toti inaandikiwa bili, bili inasainiwa, keshia anaiingiza, mhasibu usiku anailinganisha na chupa iliyobaki. Watu wanne wanaifukuzia toti moja. Vinywaji vikiwa ndani, ufukuziaji huo unapungua: stoki inahesabiwa kwa chupa, bili hazipotei, mgeni hagombani asubuhi kuhusu soda ambayo hakunywa. Hoteli inaokoa karatasi na ugomvi, na hilo peke yake ni sababu ya kuupenda mpango. Barafu nayo inaongezeka kwenye glasi, lakini hilo sitamsingizia mtu.

Hata hivyo, waliobuni likizo za kulipa mara moja waliiacha baa nje. Gérard Blitz alianzisha Club Med mwaka 1950 kule Majorca. Kitanda, chakula na michezo vilikuwa ndani, lakini vinywaji vya baa, kwa miaka mingi, wageni wa vijiji vyake walivilipia kwa shanga za plastiki walizozivaa shingoni. Mmasai akisikia habari hiyo atacheka. Lakini shanga zilikuwa na adabu yake: uliona zikipungua.

Nilitaka sasa niingie kwenye thamani ya glasi, ila toniki imenikalia kooni na lazima niitoe.

Kuna mgeni, na siku hizi kuna Mtanzania aliyemwiga mgeni, anayetetea AI kwa hoja ya afya. Anasema jini na toniki ni kinga ya malaria, hivyo vinywaji vikiwa ndani ni kama dawa imo. Hoja hii nimeisikia kwenye kaunta za Karatu kuliko mlio wa fisi. Ni kweli toniki ina kwinini, ndiyo inayoleta ule uchungu. Sasa tupige hesabu. Marekani hairuhusu toniki izidi miligramu 83 za kwinini kwa lita. Mtu mzima aliyetibiwa malaria kwa vidonge vya kwinini alimeza miligramu 600 kila baada ya saa 8, yaani 1,800 kwa siku. Gawanya: karibu lita 22. Kwa chupa ndogo za mililita 300 ni chupa 72, kila siku, kwa siku saba, na bado hatujatia jini. Kibofu kitapasuka kabla vijidudu havijakohoa. Tena hata kwenye zahanati, tangu 2006 malaria ya kawaida inatibiwa kwa dawa mseto. Anayetaka kinga anunue chandarua na amwone daktari kabla ya safari; anayetaka jini anywe jini, asimsingizie mbu.

Nimemaliza. Thamani ya glasi.

Kosa lililo mama wa makosa yote ni kuzidisha idadi ya chupa ulizokunywa kwa bei ya menyu, halafu kusema "nimefaidi". Bei ya menyu ni ile ambayo hoteli ingependa ulipe. Haisemi kinywaji hicho kina thamani gani kwako. Swali la haki ni hili: kama ungekuwa unatoa noti mfukoni kila mara, ungeagiza ngapi? Tuseme ungeagiza 3, lakini kwa kuwa vimo ulikunywa 7. Zile 3 zimekuokolea 30,000. Zile 4 nyingine hukuzitaka kwa 10,000; labda ungezitaka kwa 3,000, labda kwa bure tu. Zihesabu kwa bei hiyo ya moyoni, hata ikiwa 12,000 kwa jumla. Umefaidi 42,000 kwa mpango wa laki moja. Aliyekuambia 70,000 amekudanganya, na mara nyingi ni wewe mwenyewe.

Tabia hii haina taifa. Mwaka 2006 Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walichapisha utafiti wa kumbi za mazoezi za Marekani: watu waliolipa ada ya mwezi ya zaidi ya dola 70 walienda kama mara 4 tu kwa mwezi, ikawa kila ziara imewagharimu zaidi ya dola 17, ilhali wangeweza kukata tiketi za dola 10 kwa ziara. Walipolipa, walimlipia mtu waliyetumaini kuwa. Mnunuzi wa AI naye humlipia mtu wa likizo, anayeketi barazani mchana kutwa na glasi. Mtu huyo mara nyingi yuko ndani ya gari, amefunga mkanda.

Mahali unapolala pana uzito kuliko kiu yako. Ukilala Karatu mjini, toka getini utembee: kuna maduka, grosari na baa kando ya lami, na bia ni ya bei ya watu. Kulipia AI hapo ni kujifungia. Ukilala ukingoni, umeshapita geti la Loduare, nje ni msitu na nyati, na hakuna duka la kukimbilia. Hapo mpango unaanza kuwa na maana, hasa kwa wanywaji wa mvinyo, ambao glasi 5 za mfano wetu zinawafikisha laki. Na mkikaa siku nzima kwenye moja ya hoteli za mashambani kwenye kahawa, bila kushuka popote, saa nne zinakuwa kumi na mbili na hesabu yote inageuka. Ila kwanza omba orodha iliyoandikwa. "Vyote" mara nyingi ni bia za hapa, soda na mvinyo wa nyumba. Shampeni na wiski za miaka mingi ziko nje. Bakshishi nayo uliza.

Hesabu ya watu nitaisema kwa kisa cha mzee mmoja niliyesafiri naye kwenye gari moja, mstaafu, aliyeletwa na wanawe kusherehekea miaka 40 ya ndoa. Wanawe walilipa AI kwa wote wawili ili baba asione bili akaanza kunywa maji ya bomba. Kwa hilo siwalaumu. Mzazi anayeogopa kuagiza soda mbele ya watoto wake ni jambo la kweli, na kumwondolea hofu hiyo kuna bei yake, hata kama haimo kwenye menyu.

Lakini mzee alikuwa mwalimu wa hesabu. Usiku wa kwanza aligundua kwamba mkewe amekunywa chai tu.

"Mama, kunywa hata soda. Imeshalipiwa."

"Baba, kiu yangu haikulipiwa."

Basi akaamua kumfidia. Asubuhi, kabla ya kushuka, alikunywa juisi mbili na soda nne mezani, akihesabu kwa vidole. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, kule chini hairuhusiwi kushuka garini ovyo." Akaniitikia marahaba na kuagiza kahawa.

Tulifika chini saa mbili kasoro. Saa mbili na nusu aliacha kuuliza majina ya ndege. Simba watatu walikuwa wamelala hatua chache kutoka barabarani, magari mengine manne yamesimama, na dereva akazima injini kwa heshima ya tukio. "Kijana," mzee akasema kwa upole sana, "washa." Toka pale mpaka Ngoitokitok, kwenye chemchemi yenye viboko, ambako watu huruhusiwa kushuka na kuna vyoo, hakutazama dirishani tena. Tulipofika alishuka kabla gari halijasimama vizuri.

Mkewe alibaki nami, akafungua chupa ya chai aliyojaziwa jikoni bila malipo, akanimiminia kikombe. Mwewe walikuwa wakizunguka juu wakisubiri maboksi. "Mwanangu," akaniuliza, "hizo soda nne pale hotelini ni shilingi ngapi?"