Watoto walale pamoja au tuwatenganishe?

Swali hili tunaletewa mara nyingi kwenye kituo cha afya, hasa siku za kupima uzito wa watoto. Mama anangoja wenzake wapungue kwenye foleni, kisha anauliza huku akiangalia chini: "Nina watoto watano na chumba kimoja. Mkubwa wa kike ameanza kuota matiti, anayemfuata ni mvulana wa miaka kumi. Bado nawalaza pamoja. Je, ni vibaya?" Mara nyingine anayeuliza ni baba, lakini yeye huanza kwa kusema ni swali la jirani yake.

Jibu letu la kwanza huwashangaza. Watoto wa tumbo moja kulala chumba kimoja siyo vibaya. Cha kuangalia ni nani analala ubavuni mwa nani, wamejifunika blanketi gani, na wamefika umri gani.

Wengi wenu mnaifahamu Buyenzi, pale Bujumbura. Mliotoka Uvira, Fizi au Bukavu, wengine mlipanga huko kabla ya kuja kambini, kwa sababu Kiswahili ndicho kinachosemwa barabarani na mgeni haonekani mgeni haraka. Ni mtaa wa tangu enzi za Wabelgiji, na njia zake zinaitwa kwa namba. Ndani ya parseli moja mna nyumba ya mwenyewe, vyumba vya wapangaji nyuma, bomba moja na choo kimoja. Mimi ninayeandika nimekulia humo. Tulikuwa watoto sita. Wazazi walilala chumbani, sisi sebuleni. Usiku, baada ya sala ya Isha, viti vilisogezwa ukutani na mikeka ikatandikwa. Alfajiri mikeka ilikunjwa, na sebule ikarudi kuwa sebule. Hatukujiona maskini, maana kila nyumba ya jirani ilikuwa hivyo hivyo.

Lakini haikuwa vurugu. Wasichana walilala upande wa mlango wa chumba cha mama, wavulana upande wa mlango wa nje, na kitinda mimba alikuwa na mama. Kaka yangu alipotimiza miaka kumi alipewa mkeka wake na shuka yake. Hakuna aliyetangaza, jioni moja tu tulikuta mikeka ni mitatu badala ya miwili. Waislamu ni wengi Buyenzi, na mafundisho ya dini yao yanataka watoto wakifika miaka kumi watenganishwe malazi. Angalia vizuri: malazi, siyo nyumba. Mama mmoja Mkristo tuliyepakana naye alifanya vilevile kwa watoto wake, wala hakuwa na fundisho la kumtajia mtu. Alisema ni akili tu.

Utaratibu huo ndio unaopotea safarini. Watu wakikimbia hulala walipofika, wote kwa pamoja, kwa baridi na kwa woga. Waliovuka mto Rusizi Februari 2025 na kupelekwa Musenyi, katika uliokuwa mkoa wa Rutana, wanajua tunachosema. Usiku wa kwanza mzazi anataka tu kuwagusa watoto wote kwa mkono mmoja na kuhesabu kwamba wametimia. Ni sawa kabisa. Shida ni kwamba mpango wa usiku ule wa kwanza unaweza kudumu miaka miwili au mitatu, na watoto wanakua.

Mtasema: nafasi iko wapi? Kanuni zinazofuatwa na mashirika ya misaada zinataka kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 chini ya paa, jiko likiwa mbali na hesabu hiyo. Familia ya watu sita ingepata mita 21. Chumba cha mpangaji cha mita tatu kwa tatu kina mita tisa, yaani ni cha watu wawili, na watatu ni kwa kubanana. Sasa hesabu mlivyo nyumbani kwako. Hatukuambii ubomoe ukuta usiokuwa wako. Tunasema mpangilio wa ndani ya hizo mita chache uko mikononi mwako.

Tuanze na magonjwa, kwa sababu hayo hayangoji mtoto afike miaka kumi.

Upele ndio unaotuchosha zaidi. Wadudu wake ni wadogo mno, wanachimba ndani ya ngozi na kuhama kutoka mwili hadi mwili wakati watu wamelala wamegusana. Aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki mbili hadi sita kabla ya kuanza kujikuna, na muda huo wote anawagawia ndugu zake. Ndiyo maana mama anampaka dawa mmoja, anapona, na baada ya mwezi anajikuna tena. Hajarogwa. Wote wanaolala pamoja wapakwe siku moja, hata asiyewashwa, na siku hiyohiyo nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kisichofulika kifungwe ndani ya mfuko kwa siku tatu au zaidi.

Mpox, ambayo wengine huiita homa ya nyani, ilithibitishwa Burundi Julai 2024, na Bujumbura iliguswa sana. Watoto walikuwa wengi kati ya wagonjwa. Ugonjwa huu unapita kwa kugusana ngozi, na pia kwa shuka, taulo na nguo za mgonjwa. Mtoto mwenye homa na vipele vyenye maji alazwe peke yake usiku huohuo, hata kama ni juu ya kitenge pembeni, na asubuhi aletwe kituoni. Usimpe mdogo wake blanketi hilo.

Kikohozi nacho. Mtu mzima au mtoto anayekohoa wiki mbili apimwe kifua kikuu. Akikutwa nacho, watoto wa chini ya miaka mitano wanaoishi naye waletwe pia, hata wakiwa wazima, kwani ipo dawa ya kuwakinga. Kwa vikohozi vya kawaida kuna dawa isiyouzwa: walale mzungu wa nne, kichwa cha mmoja miguuni kwa mwenzake. Watalalamika juu ya harufu ya miguu. Waoge miguu.

Kuhusu malaria, chandarua kimoja kimekusudiwa watu wawili. Watatu wadogo wanaweza kutosha kama hakuna anayegusa wavu, kwa sababu mbu humuuma mtoto kupitia tundu pale ngozi inapogusana nao. Chandarua kikipungua, wa kwanza kupewa ni mjamzito na walio chini ya miaka mitano. Na mtoto mchanga asilale katikati ya kaka na dada zake hata kama wanampenda, maana mtoto wa miaka mitatu akigeuka usingizini hajui amemlalia nani. Mchanga abaki karibu na mama, alazwe chali, uso usifunikwe.

Sasa kikojozi. Huyu ndiye anayefukuzwa kwenye mkeka na wenzake, na wazazi wengine wanamlaza nje ya mlango ili ajifunze. Hajifunzi chochote huko zaidi ya baridi. Kati ya watoto 100 wa miaka mitano, kama 15 bado wanakojoa usiku, na wengi wanaacha wenyewe. Aliyekuwa ameacha na akaanza tena baada ya kukimbia vita anakuambia kitu ambacho mdomo wake hauwezi kukisema. Mlaze pembeni, siyo katikati, tandika mfuko wa plastiki chini ya kitambaa chake, muamshe mara moja kabla wewe hujalala, na asubuhi muanike kitambaa pamoja bila maneno. Asichekwe mbele ya watu bombani. Akiwa anakojoa mara nyingi hata mchana, ana kiu sana au anaumia, mlete apimwe.

Turudi kwa mama wa kwenye foleni. Binti yake asingoje. Msichana aliyeanza kubadilika mwili anahitaji sehemu ya kuvaa, ya kujifuta na ya kubadilisha kitambaa cha hedhi bila macho ya mtu, na kaka yake naye ana haya zake, ingawa yeye hatasema. Kamba moja na vitenge viwili vinatosha kugawa chumba. Funga kamba toka nguzo hadi nguzo, kitambaa kifike chini, na usiweke koroboi wala mshumaa karibu nacho, kwani kitenge na chandarua vinawaka kabla hujafika mlangoni. Kama wavulana ni wawili au watatu na jirani unayemwamini ana nafasi, wengine huwapeleka kulala kwake. Hapo tunasema taratibu. Nenda wewe mwenyewe usiku mmoja, uone wanalala na nani.

Na hili tulisema bila kuzunguka. Tunamwogopa kaka wa miaka kumi kuliko tunavyomwogopa mgeni wa miaka thelathini. Binamu anafika kutoka Bujumbura, mjomba amekuja kusubiri kadi yake, rafiki wa baba amechelewa kurudi, na kwa heshima tunawaambia watoto wamsogelee wampe nafasi. Heshima ya mgeni ni chakula na maji ya kuoga. Mgeni mtu mzima, hata ndugu wa damu, alale upande wa wazazi, au baba alale kati yake na watoto. Mtoto akikataa ghafla kulala mahali fulani au na mtu fulani, usimchape na usimuulize mbele ya wengine. Msikilize. Kama kuna aliyemdhuru, mlete kituoni usiku huohuo au kesho yake, kwa sababu dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI zinafanya kazi zikianza kabla ya saa 72 kupita. Hatudai kwanza karatasi ya polisi ndipo tumtibu, na habari yake haitembei bloku kwa bloku.

Ukishapanga, waite watoto wote muwe pamoja, waonyeshe nani analala wapi, kisha muulize kila mmoja kama anaona sawa. Nyumbani kwetu Buyenzi mama aliuliza hivyo siku alipotupangia upya. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa na miaka sita, akasema hataki tena kulala chini ya dirisha. Kumbe msimu mzima wa mvua maji yalikuwa yanamdondokea miguuni, na hakuna aliyekuwa amejua.