Gobore shambani: alama ya mdeki na hesabu ya mkulima

MAHINDI yakikaribia kukomaa, wakulima wa Serengeti na Tarime wanaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti hukesha wakiwahofia tembo. Wenye gobore lenye leseni hutia mdeki alama mbili: bunduki ikiwa tupu, na risasi ikiwa imeikalia baruti. Alama ya pili ikibaki nje ya mdomo wa mtutu, kuna mwanya ndani, na mtutu waweza kupasuka mikononi mwa mwenyewe.

Hata hivyo gobore hupiga mara moja, kisha hushindiliwa upya gizani. Lisilo na leseni ni kesi. Kuua tembo ni kesi nzito zaidi. Kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu ni nafuu, ila hupakwa upya baada ya mvua. Mizinga ya nyuki walau huleta asali.