Sahihi Itangulie Lori: Mpamba Nyumba na Haki ya Malipo Yake

Kadiri majumba yanavyozidi kupanda katika vilima vya Naguru na Muyenga, ndivyo inavyozidi kusikika mjini Kampala kazi ya kuipamba nyumba iliyo tupu ili ipate mnunuzi au mpangaji upesi. Mpambaji huleta makochi, meza, vitanda, mazulia, mapazia na taa, akavipanga kwa ustadi hata mgeni akiingia ajione tayari yu nyumbani kwake. Nyumba ikishapata mtu, mpambaji huvichukua vyombo vyake na kuvipeleka kwingine. Huko Marekani anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa kazi hii ni Barb Schwarz, aliyeianza upande wa Seattle mwaka 1972. Hapa kwetu imesimama juu ya mabega ya mafundi wetu wenyewe: maseremala wa Nsambya, ambao samani zao hupangwa kando ya barabara ya Ggaba, wauza mbao wa Ndeeba, na wafua vyuma wa Katwe.

Twaileta habari hii mbele ya wanajeshi na polisi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba useremala, ushonaji wa mapazia na ukodishaji wa samani ni kazi zinazomfaa mke wa askari, na zinamfaa vilevile askari anayekaribia kustaafu. Ya pili ni kwamba askari naye ni mteja. Yampasa basi kulijua jambo hili kutoka pande zote mbili, upande wa anayedai na upande wa anayedaiwa.

Adui mkubwa wa mpamba nyumba ni malipo yanayochelewa, wala si uhaba wa wateja. Mwenye mbao hutaka fedha taslimu. Fundi cherehani hutaka ujira wake mwisho wa juma. Dereva wa lori hashushi mzigo kabla ya kulipwa. Wote hao wakisha kulipwa, mwenye nyumba humwambia mpambaji, "Ngoja nyumba iuzwe." Maneno hayo husikika kuwa ya haki, lakini ndani yake mna mtego. Kuuzwa kwa nyumba hutegemea bei aliyoitaja mwenyewe, usafi wa hati ya ardhi, na mkopo wa benki ya mnunuzi, mambo ambayo mpambaji hana amri juu yake hata moja. Akikubali kungoja, amekwisha kugeuka mkopeshaji asiye na riba wala rehani.

Tuchukue mfano. Mpambaji amepatana na mwenye nyumba kwa shilingi 4,000,000, samani zikae miezi miwili. Usafiri, vibarua, mapazia mapya na marekebisho ya vyombo vimekula shilingi 2,600,000. Faida yake ni shilingi 1,400,000, lakini ni faida ya daftarini tu. Miezi miwili ikipita bila malipo, na samani zikabaki zimefungiwa mle ndani kwa miezi minne zaidi, mpambaji huyo amepoteza kazi nyingine mbili za miezi miwili miwili ambazo vyombo vile vile vingezifanya. Nyumba moja imekula riziki ya nyumba tatu. Hivyo ndivyo biashara nyingi zinavyokufa huku wenye nazo wakihesabu kwamba zina fedha nje.

Dawa ya maradhi haya askari anaijua tangu siku ya kwanza ya mafunzo. Hakuna bunduki itokayo katika ghala la silaha bila namba yake kuandikwa na mpokeaji kutia sahihi. Mkuu wa ghala hafanyi hivyo kwa sababu anamshuku mwenzake kuwa mwizi, bali anajua kwamba kumbukumbu ya binadamu ni dhaifu na karatasi haisahau. Iweje basi seti ya makochi ya mamilioni ya shilingi iondoke karakanani kwa neno la mdomo? Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari.

Sheria nayo inasema hivyo hivyo. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 yataka mkataba wowote unaozidi shilingi 500,000 uwe wa maandishi. Karatasi yenyewe si lazima iwe ndefu. Itaje majina ya wenye kupatana, mahali nyumba ilipo, idadi ya vyombo na hali ya kila kimoja, siku ya kuvileta na siku ya kuvichukua. Iseme wazi kwamba samani ni mali ya mpambaji muda wote, na kwamba anaruhusiwa kuingia kuzichukua muda ukiisha. Juu ya yote itaje tarehe za malipo, na kila tarehe ifungwe na kalenda au na kazi iliyotimia, isifungwe kamwe na kuuzwa kwa nyumba.

Utaratibu ufaao ni huu. Nusu ya fedha ilipwe kama arubuni siku ya kutia sahihi, ili gharama zitoke katika mfuko wa mteja. Nusu iliyobaki ilipwe siku ya kuleta samani, kabla lori halijashushwa. Muda ukiongezwa, kodi ya kila mwezi itangulie mwezi wenyewe. Tangu mwaka 2009, huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza nchini, udhuru wa kwamba benki imefungwa umepoteza nguvu: mteja aweza kulipa akiwa amesimama mlangoni, na ujumbe wa simu ukawa ushahidi. Hata hivyo risiti iandikwe.

Hapana budi pia kumjua anayeagiza kazi. Mara nyingi anayekuja ni dalali. Kazi ikiisha, mwenye nyumba husema hakumtuma, na dalali husema fedha ziko kwa mwenye nyumba. Mpambaji adai barua ya mwenye nyumba kabla ya kupakia hata kiti kimoja. Askari anayekwenda kazini mbali, mathalani Somalia ambako majeshi yetu yamekuwako tangu mwaka 2007, naye amwachie mkewe karatasi inayomtaja kwa jina kuwa mwenye mamlaka ya kupatana na kupokea fedha.

Na malipo yakichelewa? Siku ya kwanza ya kuchelewa ipigwe simu kwa adabu. Yakizidi kuchelewa iandikwe barua ya madai, itaje kiasi cha deni na kumpa mdaiwa siku 14, nakala ibaki kwa mdai. Zikipita bure, njia ya mahakama i wazi. Kanuni za Madai Madogo za mwaka 2011 zamruhusu mtu mwenye dai lisilozidi shilingi 10,000,000 kulipeleka kwa hakimu mwenyewe, bila kulazimika kuweka wakili. Hapo ndipo karatasi yenye sahihi inapopata thamani yake yote.

Twapenda kuonya jambo moja kwa mkazo. Deni la biashara ni dai la kiraia. Si kosa la jinai. Askari asivae sare kwenda kumdai mteja wa mkewe, wala asiwatume wenzake kumtisha, wala asivunje mlango kutoa makochi. Afanyaye hivyo ameigeuza haki yake kuwa kosa, na mdaiwa aliyekuwa na hatia atatoka akiwa mlalamikaji. Polisi anayeletewa kesi ya namna hiyo kituoni amwelekeze mdai kwa hakimu, asimtie mdaiwa mahabusu ili kumkamulia fedha.

Upande wa pili una uzito ule ule. Karibu na kambi ya polisi ya Nsambya, seremala humtazama askari kama jirani, naye huona haya kumwomba arubuni mtu mwenye sare. Haya hiyo isitumiwe kama mkopo. Anayechukua kitanda leo na kuahidi mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi ukifika alipe. Uhamisho haufuti deni, na cheo hakilipunguzi. Kama mshahara haujatosha, kuna vyama vya akiba na mikopo, Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi, ambavyo vimewekwa kwa haja kama hiyo. Ni bora kukopa kwa maandishi katika chama chako kuliko kukopa kwa nguvu katika jasho la fundi.

Kwa hiyo mke wa askari anayeianza kazi hii, na mstaafu anayetaka kuweka kiinua mgongo chake katika samani, washike kanuni moja kabla ya zote: sahihi na arubuni vitangulie, lori lifuate nyuma.